Hedifoni Wazi za Bei Nafuu: Hisia za Kwanza Masikioni na Usalama wa Usikivu

Shabaha za somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:
1. kueleza hedifoni wazi ni nini na zinatofautianaje na aina nyingine;
2. kutenganisha yale ambayo hisia za kwanza humfunulia mtumiaji na yale ambayo humficha;
3. kukadiria muda salama wa kusikiliza kwa juma;
4. kutambua dalili zinazomlazimu mtu kufika kwenye kituo cha tiba.

Utangulizi

Hedifoni hununuliwa kwa kujaribiwa. Katika duka la vifaa vya simu mjini Bukoba, au kwenye meza ya mchuuzi siku ya gulio huko Muleba, mnunuzi huvaa kifaa, muuzaji huchomeka waya kwenye simu, wimbo huchezwa kwa muda mfupi, na uamuzi hupatikana papo hapo. Kama sauti ni safi na kichwa hakibanwi, pesa hutolewa.

Miongoni mwa bidhaa hizo ipo aina moja ambayo watu wengi wameiona bila kuijua kwa jina. Ni hedifoni nyepesi za kubeba mfukoni, zenye utepe mwembamba wa chuma au plastiki unaopita juu ya kichwa, sifongo laini inayolala juu ya sikio, na matundu madogo upande wa nje. Katika somo hili zitaitwa hedifoni wazi.

Hisia za kwanza za mtu anayezivaa huwa nzuri, na kwa sehemu kubwa hisia hizo ni za kweli. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo hisia za kwanza haziwezi kulipima: kiasi cha sauti kitakachofika kwenye sikio la ndani mtumiaji atakapotoka mahali tulivu na kuingia penye kelele. Madhara ya jambo hilo hujitokeza baada ya miaka, nayo hayaponyeki.

Hedifoni wazi ni kitu gani?

Ndani ya kila hedifoni mna spika ndogo yenye utando unaotikisika. Utando huo unaposukuma hewa mbele, kuelekea sikioni, huivuta hewa ya nyuma. Unaporudi, hufanya kinyume chake. Kwa hiyo kila spika hutoa sauti pande mbili. Katika hedifoni zilizofungwa, upande wa nyuma huzibwa kwa kifuniko kigumu. Katika hedifoni wazi, upande huo huachwa na matundu ili hewa na sauti vipite. Aina ya tatu ni vipokea sauti vidogo vinavyoingizwa ndani ya kifereji cha sikio na kukiziba kwa kipande cha mpira.

Hedifoni wazi si uvumbuzi mpya. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilianza kuuza hedifoni zake wazi za HD 414 mwaka 1968, zikiwa na sifongo za rangi ya njano zilizokuja kujulikana sana. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, kicheza kaseti cha mfukoni kilichoambatana na hedifoni nyepesi za sifongo, na tangu hapo kusikiliza muziki njiani kukawa desturi ya mamilioni ya watu. Mwaka 1984 kampuni ya Koss ya Marekani ilitoa Porta Pro, hedifoni wazi zinazokunjwa, ambazo zinauzwa hadi leo kwa umbo lilelile. Nyingi kati ya hedifoni za bei nafuu zinazofika madukani kwetu, ziwe na jina maarufu au zisiwe na jina lolote, zinafuata nasaba hiyo.

Hisia za kwanza na maana yake kitabibu

Mtu anayezoea vipokea sauti vya kuziba sikio, akivaa hedifoni wazi kwa mara ya kwanza, kwa kawaida hutambua mambo matano.

Kwanza, wepesi. Kifaa hakibani fuvu wala hakisukumi chochote ndani ya sikio. Hili ni jema kwa sikio la nje. Kifereji cha sikio la mtu mzima kina urefu wa takriban sentimita 2.5, na hujisafisha chenyewe kwa kuisukuma nta polepole kuelekea nje. Kitu kinachoingizwa humo mara kwa mara huweza kuirudisha nta ndani na kuishindilia.

Pili, hewa. Ngozi haitoki jasho upesi, na unyevu haunaswi ndani ya kifereji. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye mvua nyingi nchini, na ukanda wa ziwa huwa na unyevunyevu kwa muda mrefu wa mwaka. Sikio lililozibwa kwa saa nyingi katika hali hiyo hupata uvimbe na kuvu kwa urahisi zaidi kuliko sikio linalopitisha hewa.

Tatu, sauti ya mtumiaji mwenyewe. Anapozungumza akiwa ameziba masikio, sauti yake humvumia kichwani kama anayezungumza ndani ya mtungi. Hedifoni wazi haziziba mlango wa sikio, hivyo mtu hujisikia kama kawaida na pia humsikia aliye jirani. Mama anayesikiliza redio huku mtoto amelala chumba cha pili hunufaika na hali hii.

Nne, besi ndogo. Sauti nene huhitaji hewa iliyozuiwa vizuri kati ya spika na sikio. Katika hedifoni wazi, sehemu ya hewa hiyo huponyoka, na sauti ya nyuma huipunguza nguvu sauti ya mbele. Ngoma na gitaa la besi husikika hafifu, ilhali uimbaji na maneno husikika kwa uwazi. Mtumiaji wengi wa aina hii hushawishika kuongeza sauti ili aipate besi aliyoizoea. Huo ndio mtego wa kwanza.

Tano, kuvuja kwa sauti. Aliye karibu husikia kinachosikilizwa. Jambo hili huleta kero ndani ya basi au wodini, na pia huvuruga kanuni moja maarufu ya afya, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Lipo jambo la sita ambalo mnunuzi halitambui kabisa. Binadamu akilinganisha sauti mbili, moja ikiwa imezidi nyingine kidogo tu kwa nguvu, aghalabu huisifu ile yenye nguvu kuwa ndiyo bora. Hedifoni hazilingani katika kugeuza umeme wa simu kuwa sauti: alama ileile ya sauti kwenye simu huweza kutoa sauti ya wastani katika hedifoni moja na sauti kali katika nyingine. Kwa hiyo mnunuzi anayejaribu hedifoni mbili dukani bila kurekebisha sauti huenda akachagua tu ile inayopiga kelele zaidi, na kuondoka akiamini amechagua iliyo bora.

Safari ya sauti ndani ya sikio

Sauti hupita kwenye kifereji, hutikisa ngoma ya sikio, kisha hupitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi kwenye koklea, kiungo kilichojizungusha mfano wa konokono na kujaa maji. Ndani ya koklea zimo seli zenye vinyweleo, takriban 3,500 za safu ya ndani na 12,000 za safu za nje katika kila sikio. Seli hizi ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva zinazopelekwa kwenye ubongo.

Binadamu huzaliwa na akiba hiyo, wala haongezewi. Ngozi iliyochubuka huota upya na mfupa uliovunjika huunga, lakini seli ya koklea iliyokufa haioti tena. Hakuna dawa wala upasuaji unaoirudisha. Kifaa cha kusaidia kusikia huzitumikia seli zilizobaki.

Sauti kali huzichosha seli hizi kabla ya kuziua. Mtu aliyekaa kando ya spika za harusi huondoka na masikio yaliyoziba na mlio mwembamba usio na chanzo nje ya kichwa chake. Baada ya saa kadhaa au siku chache hali hiyo huisha, naye hudhani amepona kabisa. Utafiti wa Sharon Kujawa na Charles Liberman, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2009, ulionyesha kwamba panya waliopigiwa kelele kwa saa mbili waliweza kurudia kiwango chao cha kusikia, huku miunganiko mingi kati ya seli za koklea na neva ya kusikia ikiwa imepotea moja kwa moja. Sikio lililopona kwa kipimo cha kawaida si lazima liwe halikudhurika.

Madhara ya kelele huanzia kwenye sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000. Irabu za Kiswahili hubaki zikisikika, ila konsonanti kama s, sh, f, t na k hufifia. Mgonjwa husikia kuwa mtu anazungumza, lakini hawezi kupambanua kama ameambiwa fika, shika au pika. Huyu ndiye anayesema, “Nakusikia, ila sikuelewi.” Akiwa mwanafunzi, huitwa mzembe, akiwa mzee, huitwa msahaulifu, akiwa mgonjwa mbele ya dirisha la dawa, huitikia kwa kichwa na kwenda kumeza dawa isivyoelekezwa.

Nguvu ya sauti na muda wa kusikiliza

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida hukaribia desibeli 60. Mwongozo wa usikilizaji salama uliotangazwa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano humruhusu mtu mzima kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kwa watoto, kiwango ni desibeli 75 kwa saa 40.

Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati ya sauti huongezeka maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Hivyo:
- desibeli 80: saa 40 kwa juma;
- desibeli 83: saa 20;
- desibeli 86: saa 10;
- desibeli 89: saa 5;
- desibeli 92: saa 2 na nusu.

Hesabu hiyo pia huenda upande wa pili. Kwa desibeli 77 muda huwa saa 80, na kwa desibeli 74 huwa saa 160, karibu juma zima.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Watu wawili wamenunua hedifoni wazi za aina moja na wanasikiliza nyimbo zilezile, kila mmoja kwa saa 2 kwa siku, siku 6 kwa juma, yaani saa 12. Wa kwanza husikiliza jioni nyumbani kwake Kamachumu, mahali tulivu, na desibeli 74 humtosha. Wa pili huuza bidhaa ndogondogo stendi ya mabasi, kati ya honi, injini na wapiga debe. Ili asikie maneno ya wimbo, hupandisha sauti hadi desibeli 89.

Wa kwanza ametumia saa 12 kati ya 160, yaani asilimia 7.5 ya kiwango chake cha juma. Wa pili ametumia saa 12 mahali alipostahili saa 5, yaani asilimia 240. Mzigo wa sauti uliofika kwenye koklea ya wa pili ni mara 32 ya ule wa mwenzake. Kilichowatenganisha ni kelele ya mahali tu.

Hapa ndipo hedifoni wazi zinapohitaji uangalifu kuliko aina nyingine. Hedifoni iliyofungwa hupunguza kelele ya nje kwa kiasi fulani, hivyo mtumiaji huweza kuridhika na sauti ndogo. Hedifoni wazi haipunguzi chochote. Kelele yote ya stendi huingia, na sauti ya simu hulazimika kupanda juu yake. Sikio halilalamiki, kwa sababu sauti kali ndani ya kelele husikika kama sauti ya wastani.

Mahali pa kuzitumia na mahali pa kuzivua

Nyumbani, shambani chini ya migomba, katika chumba cha kujisomea na katika ofisi tulivu, hedifoni wazi zinafaa. Sauti ndogo hutosha, hewa hupita, na anayeitwa huitika.

Stendini, sokoni, ndani ya basi linalonguruma, kwenye mashine ya kusaga nafaka na kwenye mitambo ya kukoboa kahawa, hazifai. Wanaofanya kazi kwenye mashine wanahitaji vizibo vya kukinga masikio, na hedifoni wazi si kinga hata kidogo.

Ziwani pia hazifai. Wavuvi na abiria wanaokwenda Bumbire, Goziba na visiwa vingine vya Muleba kwa mitumbwi ya injini hukaa karibu na mngurumo kwa muda mrefu. Muziki unaopandishwa juu ya mngurumo huo huongeza mzigo kwenye masikio ambayo tayari yamelemewa, na huweza kumfunika mwenzake anayepiga kelele ya tahadhari.

Barabarani suala ni la uhai. Wapo waendesha bodaboda wanaoamini kwamba hedifoni wazi ni salama kwa kuwa honi hupenya. Ni kweli kwamba honi hupenya kwenye sifongo, ila si lazima itambulike. Muziki huweza kuifunika, upepo huifunika zaidi, na akili iliyogawanyika huchelewa kujua honi imetoka upande gani. Kwa mwendo wa barabara kuu, upepo peke yake masikioni mwa mwendesha pikipiki huweza kufikia desibeli 90. Anayetaka kusikia muziki juu ya upepo huo, akitoka Bukoba kupitia Muhutwe hadi Muleba, atakuwa amepandisha sauti hadi kiwango ambacho muda salama wa juma zima ni chini ya saa 4. Zaidi ya hayo, utepe wa hedifoni hauingii vizuri chini ya kofia ngumu, na atakayechagua kimoja asije akaivua kofia. Hedifoni na zikae mfukoni hadi safari iishe. Mtembea kwa miguu kando ya barabara afanye vivyo hivyo.

Vipimo vitatu vya nyumbani

Watu wengi wamefundishwa kwamba aliye jirani akisikia muziki wako, basi sauti imezidi. Kanuni hiyo husaidia kwa vipokea sauti vinavyoziba sikio. Kwa hedifoni wazi inapotosha, kwa sababu huvuja hata sauti ikiwa ndogo na salama. Vitumike vipimo vifuatavyo badala yake.

Kipimo cha chumba tulivu. Mtumiaji aingie chumba kisicho na kelele, aanze na sauti ya chini kabisa, apandishe polepole hadi maneno yaeleweke bila kukaza sikio, kisha asimame hapo. Aikumbuke alama hiyo kwenye simu yake. Hiyo ndiyo dari yake. Akifika mahali ambapo alama hiyo haitoshi, mahali hapo ndipo pasipofaa, avue, asipandishe. Akibadilisha simu au hedifoni, arudie kipimo.

Kipimo cha mazungumzo. Akiwa amevaa, mwenzake asimame umbali wa urefu wa mkono na kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Kama maneno hayaeleweki, ama sauti imezidi ama mahali pana kelele kupita kiasi.

Kipimo cha kuvua. Mara tu baada ya kuvua, asikilize ukimya. Mlio, uzibo au hisia ya kuwa watu wanazungumza kwa mbali ni ishara kwamba usikilizaji huo ulizidi. Ishara hiyo ikijirudia, asingoje ya tatu.

Simu janja nyingi zina sehemu ya kuwekea kikomo cha sauti katika mipangilio. Mzazi aiweke kwa ajili ya mtoto, nayo isaidiane na mazungumzo, kwani mtoto hodari wa simu ataiondoa akitaka.

Utunzaji, na masikio yenye maradhi

Sifongo hunyonya jasho, mafuta na vumbi. Zioshwe kwa maji na sabuni kidogo baada ya kutolewa kwenye hedifoni, zikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa, na zibadilishwe zikianza kumeguka. Zisiazimwe, hasa pale mmoja anapokuwa na sikio linalotoa usaha au upele kichwani.

Mwenye sikio linalotoa usaha asiingize chochote kwenye kifereji. Hedifoni wazi zinazolala nje ya sikio humsumbua kidogo kuliko zinazoingia ndani, lakini hazitibu, wala zisimfanye achelewe kwenda hospitali. Usaha unaodumu kwa wiki mbili au zaidi unahitaji uchunguzi.

Upande mmoja wa hedifoni ukififia, kwanza zihamishwe: upande wa kulia uwekwe kushoto. Udhaifu ukihama pamoja na kifaa, waya au spika ndiyo yenye kasoro. Udhaifu ukibaki kwenye sikio lilelile, kasoro ni ya sikio, na hatua inayofuata ni kituo cha afya, si fundi.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa mwenye mlio masikioni au usikivu uliopungua aulizwe kwa upole, bila kumhukumu. Kijana akisutwa kwa sababu ya muziki wake, ataficha saa anazosikiliza. Maswali yanayofaa ni haya: “Unatumia vya kuingiza sikioni au vya juu ya sikio? Unasikilizia wapi zaidi? Ni saa ngapi kwa siku? Ukivua, masikio hulia?” Swali la mahali lisisahauliwe, kwa maana ndilo lenye uzito kuliko aina ya kifaa.

Si kila mlio wa sikio umetokana na hedifoni. Iulizwe historia ya dawa: kwinini, aspirini kwa dozi kubwa, gentamisini, streptomisini na dawa nyingine za sindano zilizotumika dhidi ya kifua kikuu sugu huweza kudhuru au kusumbua usikivu. Katika mkoa ambao malaria ina historia ndefu, swali hili ni la lazima. Iulizwe pia kazi ya mgonjwa, shinikizo la damu, kisukari na historia ya ukoo.

Sikio lichunguzwe kwa otoskopu. Nta iliyoziba au ngoma iliyotoboka huweza kueleza tatizo lote, na nta ni jambo linaloweza kumalizwa siku hiyohiyo. Palipo na uma wa sauti wa hezi 512, vipimo vya Rinne na Weber husaidia kutenganisha kasoro ya upitishaji sauti na kasoro ya sikio la ndani.

Mtu aliyepoteza usikivu wa sikio moja ghafla, ndani ya saa chache hadi siku 3, ni mgonjwa wa dharura hata kama hana maumivu. Tiba ya steroidi hufaa zaidi ikianza mapema, hasa ndani ya wiki 2 za mwanzo. Asipewe matone na kuambiwa arudi mwezi ujao. Rufaa za haraka nyingine ni kizunguzungu kikali, uso kupooza upande mmoja, na mlio wa sikio moja tu usioisha.

Muleba ina hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage; Bukoba ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kagera; na kwa rufaa ya kanda ipo Bugando, Mwanza. Kila kituo kidogo kijue mapema ni wapi kati ya hizo mgonjwa wake atapata daktari wa masikio na kipimo cha usikivu, ili asizungushwe siku zinapokuwa chache.

Muhtasari

Hedifoni wazi za bei nafuu ni kifaa chema kwa sikio la nje na kwa msikilizaji wa mahali tulivu. Uwazi wake hupitisha hewa, lakini hupitisha na kelele, na kelele humshawishi mtumiaji kupandisha sauti bila kujua. Usalama hautegemei bei wala jina la kampuni. Hutegemea mahali, nguvu ya sauti na muda.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kanuni ya “jirani akisikia, sauti imezidi” haifai kwa hedifoni wazi?
2. Mtu anasikiliza kwa desibeli 86, saa 3 kwa siku, siku 5 kwa juma. Je, yuko salama?
3. Mgonjwa anasema upande wa kushoto wa hedifoni zake umefifia. Afanye nini kwanza?
4. Taja dalili moja ya sikio inayohitaji rufaa siku hiyohiyo.

Majibu: (1) Kwa sababu hedifoni wazi huvuja hata sauti ikiwa salama. (2) Hapana, anatumia saa 15 ilhali kiwango ni saa 10. (3) Ageuze pande: kasoro ikibaki sikio la kushoto, aende kituo cha afya. (4) Kupoteza usikivu ghafla, hata bila maumivu.